Kwa Nini Lulu Haikumtajirisha Kino? Riwaya ya John Steinbeck kwa Msomaji wa Geita

Kwa nini maskini anayepata mali ya ghafla mara nyingi huishia pabaya kuliko alipoanzia? Swali hili huulizwa Geita mjini, Nyarugusu, Rwamagasa na Kahama kila anapotajwa mchimbaji aliyewahi kupata dhahabu nyingi, kisha akarudi kushika sururu kwenye duara, yaani shimo la kuchimba, la mtu mwingine. Majibu hayabadiliki: alikuwa mlevi, wanawake walimmaliza, alivunja masharti ya mganga, fedha ya dhahabu haina baraka. Majibu hayo yote humlaumu mtu au hulilaumu jiwe. Ni nadra kuulizwa aliuza kwa nani, kwa mizani ya nani, na bei ilipangwa na nani.

Mwandishi wa Marekani John Steinbeck alilikabili swali hilo katika riwaya fupi iitwayo The Pearl, iliyotoka kama kitabu mwaka 1947. Katika sura hii itaitwa Lulu. Hadithi yake inatokea pwani ya Mexico, na kazi ya watu wake ni kupiga mbizi kutafuta lulu. Hata hivyo, mtu aliyeishi karibu na machimbo ataitambua tangu kurasa za kwanza.

Ili kuielewa riwaya hiyo, sura inapitia mambo matatu:

- Msuko: mpangilio wa matukio, yaani jinsi tukio moja linavyozaa jingine.
- Wahusika: watu wanaotenda na kutendewa ndani ya hadithi.
- Ishara: vitu vinavyoonekana kwa macho lakini vinabeba maana kubwa kuliko vyenyewe.

## Mwandishi na chanzo cha hadithi

Steinbeck alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Salinas, jimbo la California. Ujanani alifanya vibarua mashambani, na maisha ya vibarua yakawa kiini cha vitabu vyake vikubwa. Of Mice and Men, cha mwaka 1937, kinahusu marafiki wawili wanaohangaika kutafuta kazi huku wakiota kumiliki kashamba kao. The Grapes of Wrath, cha mwaka 1939, kinafuata familia ya wakulima waliong'olewa kwenye ardhi yao. Mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na alifariki mwaka 1968.

Mbegu ya Lulu ilipatikana mwaka 1940. Steinbeck alisafiri kwa mashua katika Ghuba ya California pamoja na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe wa baharini. Katika mji wa La Paz, uliovuma zamani kwa biashara ya lulu, alisikia kisa cha kijana mwenyeji aliyepata lulu kubwa kupita kiasi. Kijana huyo wa kisa cha zamani aliwaza pombe, wasichana na misa za kuiombea roho yake. Alipojaribu kuuza alipunjwa. Alipokataa bei alivamiwa na kuteswa, hadi akairudisha lulu baharini ili apate amani.

Steinbeck alikichukua kisa hicho akabadilisha jambo moja zito. Alimwondoa kijana mlevi, akaweka baba aitwaye Kino, mwenye mke mmoja na mtoto mchanga, mtu ambaye hanywi, hachezi kamari wala hatapanyi. Kwa kufanya hivyo aliliondoa jibu rahisi. Msomaji hawezi tena kusema kwamba mhusika aliponzwa na starehe, kwa sababu starehe hazimo. Inambidi atafute sababu kwingine.

Mwaka huohuo wa 1947 kitabu kilipotoka, mbali kabisa na Mexico, mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo jiwe hilo halikufikia gramu 11. Mwenye mgodi, mwanajiolojia wa Kanada John Williamson, alilitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilipokatwa na kusuguliwa lilibaki na karati 23.6, na baadaye likawekwa katika bizimu yenye umbo la ua. Vitu vidogo vyenye thamani kubwa vinavyotoka mikononi mwa watu wa chini na kuishia mbali havikuwa hadithi ya Mexico peke yake.

## Msuko: hatua sita za kuanguka

Lulu ina sehemu sita, na kila sehemu inasukuma inayofuata.

1. Nge. Kino anaamka alfajiri katika kibanda cha fito na nyasi. Mkewe Juana anawasha moto, mtoto wao Coyotito amelala ndani ya sanduku lililoninginizwa kwa kamba. Nge anashuka kwenye kamba hiyo. Kino ananyemelea ili amkamate, lakini mtoto anacheka, anatikisa kamba, na nge anamwangukia na kumchoma begani. Wazazi wanampeleka kwa daktari mjini La Paz, nao majirani wanawafuata nyuma. Kino anatoa lulu zake nane ndogo zilizopinda, ndizo akiba yake yote. Mtumishi anarudi na jibu kwamba daktari ametoka, ilhali daktari yumo ndani. Kino analipiga lango kwa ngumi hadi mkono unachanika.

2. Lulu. Juana anamwekea mtoto dawa ya mwani begani huku akiomba ipatikane lulu ya kumlipa daktari. Kino anapiga mbizi na kuibuka na chaza mzee. Ndani yake mna lulu yenye ukubwa wa yai la shakwe. Wakati huohuo uvimbe wa mtoto unaanza kushuka.

3. Habari. Kabla jua halijazama, mji mzima unajua. Padri anakuja kukumbusha mahitaji ya kanisa. Daktari anakuja mwenyewe, anampa mtoto unga unaomfanya augue zaidi, kisha anarudi kumponya ugonjwa alioutengeneza yeye. Usiku mwizi anaingia na damu ya kwanza inamwagika. Juana anaomba lulu itupwe.

4. Soko. Kino anaipeleka lulu kwa wanunuzi, wanampunja, anakataa kuuza. Anaamua kwenda mwenyewe hadi mji mkuu. Usiku anavamiwa tena.

5. Hasara. Juana anajaribu kuitupa lulu baharini. Kino anamfuata, anampiga ngumi na mateke. Gizani anavamiwa, na katika kujitetea anaua mtu. Mtumbwi wake unakutwa umetobolewa, nyumba yake inateketezwa.

6. Milima. Familia inakimbia usiku. Watu watatu wanawafuata, wawili wakisoma nyayo, mmoja juu ya farasi akiwa na bunduki. Kino anashuka kutoka pangoni kuwavamia. Mtoto analia, mwenye bunduki anadhani ni mtoto wa mbweha, anafyatua risasi. Kino anawaua wote watatu, lakini risasi ile imekwisha kumuua Coyotito. Wazazi wanarudi La Paz wakiwa bega kwa bega, na Kino anaitupa lulu baharini.

Ukiufuata msuko huu kwa makini utaona kwamba hasara haziji kwa bahati mbaya. Kila hasara inasababishwa na mtu anayeitaka lulu, au na mtu aliyekuwa na wajibu wa kusaidia akakataa. Daktari angemtibu mtoto siku ya kwanza, pengine Kino asingepiga mbizi kwa tamaa ile siku hiyo. Wanunuzi wangelipa bei ya haki, hakuna safari ya milimani. Lulu haikutembea wala haikumshika mtu mkono. Waliotembea ni watu.

Kwa ufupi: hadithi inaanza na mtoto aliyenyimwa matibabu na kuishia na mtoto aliyeuawa. Kati ya ncha hizo mbili, kila mlango wa halali ambao Kino anaubisha unafungwa usoni pake.

## Wahusika

Kino ndiye mhusika mkuu, yaani yule ambaye hatima yake inabeba hadithi. Ni mtu mwenye nguvu, mchapakazi na mkimya, asiyejua kusoma. Anapoitazama lulu anaona mambo kwa mfuatano: kufunga ndoa kanisani, nguo mpya za familia, chusa jipya, bunduki, na juu ya yote, Coyotito akiwa darasani na kitabu mbele yake. Kwa Kino, shule si urembo. Mtoto akisoma atajua yaliyoandikwa vitabuni, na familia haitategemea tena kuambiwa na daktari, padri au mnunuzi kwamba jambo fulani ni kweli.

Hata hivyo Kino si malaika. Kadiri hadithi inavyosonga, lulu inaacha kuwa njia ya kufikia shule na inakuwa kitu cha kupiganiwa kwa ajili yake yenyewe. Anampiga mke ambaye hakuwahi kumtendea ubaya. Wahakiki humwita mtu wa namna hii mhusika duara, kwa maana ya mhusika anayebadilika na kuonyesha pande zaidi ya moja. Ubaya wa Kino unakua mbele ya macho ya msomaji, na Steinbeck anaonyesha pia unavyolishwa: kwa hofu, kukosa usingizi, na kutokuwa na mtu wa kumwamini nje ya ukoo wake.

Juana ndiye mwenye macho makali kuliko wote. Anauvuta ute wa sumu kwa mdomo wake kabla ya mtu mwingine yeyote kupata wazo la kufanya lolote. Anataka daktari wakati hakuna mtu wa vibandani aliyewahi kuthubutu kumwita. Ndiye wa kwanza kuona kwamba lulu italeta msiba. Baada ya kupigwa, bado anabaki, na anapoikuta lulu njiani karibu na maiti, anaiokota na kumrudishia mumewe kwa sababu anajua kwamba maisha ya zamani yamekwisha na sasa ni kukimbia. Katika machimbo ya Geita wanawake wanaoponda mawe, wanaoosha mabaki na wanaopika chakula cha wachimbaji huhesabu gharama za nyumba kila jioni. Wanamjua Juana bila kuelezwa.

Coyotito hatamki neno, lakini kila kitu kinamzunguka yeye. Anachomwa na nge, anatiliwa sumu na daktari, anapigwa risasi na mmoja wa waliowafuata. Yeye ndiye sababu ya kutafuta lulu na yeye ndiye anayelipa.

Juan Tomás, kaka mkubwa wa Kino, ni sauti ya kumbukumbu. Anaeleza jinsi wazee walivyowahi kukusanya lulu zao pamoja na kumtuma mtu mmoja azipeleke mji mkuu zikapate bei nzuri. Mtu huyo hakurudi. Wakamtuma mwingine, naye hakurudi. Tangu hapo wakaacha.

Daktari ni mhusika bapa, yaani anayejulikana kwa sifa moja isiyobadilika. Sifa yake ni uroho uliovaa heshima. Anawadharau wenyeji hadi siku anaposikia habari za lulu. Siku hiyo anaanza kumwita Kino mteja wake.

Padri hana ukatili wa daktari, lakini naye anamkumbuka Kino baada ya lulu kupatikana. Kila mwaka huhubiri kwamba waliotumwa mji mkuu walipotea kwa sababu walitaka kuiacha nafasi ambayo Mungu aliwapangia. Mahubiri hayo ni ufunguo wa riwaya, na sura hii itayarudia.

Wanunuzi wa lulu wanastahili sehemu yao wenyewe.

## Soko lenye mnunuzi mmoja

Sehemu ya nne ndiyo moyo wa kitabu. La Paz kuna ofisi kadhaa za kununua lulu, kila moja ikiwa na mtu wake, na mgeni angedhani kuna ushindani. Ukweli ni kwamba wote ni mawakala wa bosi mmoja, wanalipwa mshahara, na bei imekwisha kupangwa kabla muuzaji hajafika.

Steinbeck anaonyesha hila hiyo kwa kitendo kidogo sana. Mnunuzi wa kwanza ameketi nyuma ya meza akitabasamu kwa ukarimu. Chini ya meza, mkono wake wa kulia unazungusha sarafu juu ya vifundo vya vidole, kwa ustadi, bila yeye kuitazama. Kino anaifungua lulu na kuiweka mezani. Uso wa mnunuzi haubadiliki hata kidogo. Lakini vidole vinajikwaa, na sarafu inaanguka. Uso umesema uongo na mkono umesema ukweli. Msomaji anajua thamani ya lulu kabla ya bei kutajwa.

Kisha mchezo unaanza. Mnunuzi anasema lulu ni kubwa mno, haina soko, ni kitu cha kuwekwa makumbusho. Anatoa peso 1,000. Anawaita wenzake watatu waje kutoa maoni huru. Mmoja anakataa hata kuigusa biashara hiyo. Wa pili anaitazama kwa kioo cha kukuzia na kusema ni laini kama chaki, itapoteza rangi. Wa tatu anatoa peso 500. Mbele ya bei hiyo, zile 1,000 zinaonekana kuwa hisani. Kino anaamini lulu ina thamani ya peso 50,000. Anapoifunga na kugeuka kuondoka, bei inapanda haraka hadi 1,500, jambo linalothibitisha kwamba ya mwanzo ilikuwa ya uongo.

Mchimbaji mdogo wa ukanda wa dhahabu anaujua mchezo huu. Kwa miaka mingi safari ya dhahabu yake ilikuwa hivi: mawe yanatolewa kwenye duara, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa kwenye mwalo, chembe zinanaswa kwa zebaki, kisha donge linachomwa juu ya mkaa hadi zebaki iishe kwa moshi wenye sumu. Kinachobaki ni kipande kidogo cha njano ambacho mwenye nacho hana namna ya kujua usafi wake kwa hakika. Aliyekuwa na mizani alikuwa broka. Mara nyingi broka huyohuyo ndiye aliyetoa fedha za matimba, chakula na mafuta wakati shimo halijatoa kitu, kwa hiyo mchimbaji alifika mezani akiwa tayari na deni. Mtu mwenye deni hawezi kuchagua mnunuzi, na asiyeweza kuchagua mnunuzi hupokea bei anayotajiwa.

Kwa ufupi: soko la La Paz lina milango mingi lakini mfuko mmoja. Hasara ya Kino inaanzia hapo, kwa watu wenye tabasamu na mizani, kabla ya wezi wa usiku.

## Ishara

Lulu. Maana yake hubadilika kadiri hadithi inavyosonga. Mwanzoni inang'aa na ndani yake Kino anaona ndoa, shule na heshima. Katikati anapoitazama anaona maiti ya aliyemuua. Mwishoni, kabla ya kuitupa, anaona nyuso mbaya na moto. Jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni yaliyompata mtu anayelitazama. Kwa hiyo ni kosa kusema lulu ni ishara ya uovu na kuishia hapo. Lulu ni kioo cha matumaini na cha mazingira yaliyoyakatisha.

Nge. Nge anawakilisha ubaya wa maumbile, usio na nia wala chuki. Steinbeck anamweka mwanzoni ili msomaji alinganishe. Sumu ya nge ilitibika kwa mdomo wa mama na dawa ya mwani. Sumu ya daktari, aliyoiweka kwa makusudi, ndiyo iliyokuwa ya hatari.

Mtumbwi. Kino aliurithi kwa babu kupitia baba yake. Ndio chombo cha kazi, akiba na jina la ukoo. Unapotobolewa, Kino anaona kuwa hilo ni ovu kuliko kuua mtu, kwa sababu mtumbwi hauna mwana wa kuulipizia kisasi. Wavuvi wa Ziwa Victoria, kuanzia Chato hadi Ukerewe, wanaelewa mara moja kwa nini kuutoboa mtumbwi ni kuikata familia miguu.

Nyimbo. Ndani ya kichwa cha Kino husikika nyimbo zisizo na maneno: Wimbo wa Familia anapomwona Juana akisaga mahindi, Wimbo wa Uovu nge anaposhuka au daktari anapoingia, Wimbo wa Lulu anapoota mambo makubwa. Nyimbo hizi zinachukua nafasi ya mawazo marefu. Msomaji akitaka kujua Kino amefikia wapi moyoni, asikilize ni wimbo gani unaoufunika mwingine.

Bunduki. Ni mojawapo ya matakwa ya mwanzo ya Kino. Kati ya yote aliyoyaota, ndicho kitu pekee anachorudi nacho kutoka milimani, na ndicho kilichomuua mtoto wake.

Mji na vibanda. La Paz imegawanyika mara mbili: nyumba za mawe zenye kuta na malango, na vibanda vya fito pembeni mwa maji. Anayetoka vibandani kwenda mjini huenda kuomba. Anayetoka mjini kwenda vibandani huenda kuchukua.

## Somo ni lipi: kuridhika au kudai haki?

Riwaya hii husomwa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza husema kwamba ni onyo dhidi ya tamaa. Maskini aridhike na alichonacho, kwa kuwa mali kubwa huleta maafa. Usomaji huu unafanana na imani zilizoenea machimboni kuhusu ndagu, yaani dawa za utajiri zinazoaminika kudai masharti na hata uhai wa mtu. Kwa mtazamo huo, aliyepata sana lazima alilipa kitu, na aliyefilisika lazima alikosea masharti. Kanda ya Ziwa inajua imani ya utajiri wa dawa inaweza kufika wapi: watu wenye ualbino, watoto wakiwamo, waliuawa Mwanza, Shinyanga na Geita na wauaji walioamini kwamba viungo vyao huleta mali. Hakuna jiwe lililowaua. Waliowaua ni watu, kama watu walivyomuua Coyotito.

Namna ya pili husema kwamba riwaya ni shtaka dhidi ya utaratibu unaomzuia maskini kunufaika na alichokipata kwa jasho lake. Usomaji huu una uthibitisho mwingi zaidi ndani ya kitabu chenyewe. Wazo la kuridhika limo kweli, lakini Steinbeck ameliweka kwenye mahubiri ya padri, yaani kwa mtu anayefaidika Kino akibaki alipo. Matakwa ya Kino ni ya kiasi: ndoa, nguo, zana za kazi, shule. Mwandishi aliyetaka kulaani tamaa angembakiza yule kijana mlevi wa kisa cha La Paz.

Jambo moja la namna ya kwanza linabaki kuwa kweli. Kitu cha thamani kinaweza kumfanya mtu asahau alikitafuta kwa ajili ya nini. Kino anapompiga mkewe mateke ufukweni, hakuna bosi wa lulu aliyemwamuru. Riwaya inamhurumia, lakini haimsamehe kwa hilo.

## Kinachoweza kubadilisha mwisho

Kino hakukosa nguvu wala akili. Alikosa vitu vinavyotajika:

- mnunuzi zaidi ya mmoja;
- mtu asiye na upande wa kupima na kusema thamani;
- sheria ya kumlinda usiku akiwa na mali mkononi;
- matibabu yasiyotegemea unene wa mfuko;
- elimu ya kusoma, kuhesabu na kuhoji.

Historia ya karibuni ya Tanzania inaonyesha vitu hivi vinavyofanya kazi vinapokuwapo. Tarehe 17 Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, la kwanza la aina yake nchini, na mengine yakafuata mikoani. Katika soko hilo dhahabu hupimwa usafi wake kwa mashine, huwekwa kwenye mizani mbele ya mwenye mali na maofisa, na wanunuzi wako mahali pamoja. Mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ukabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mrabaha ni malipo anayopewa mwenye rasilimali, ambaye ni taifa. Kodi nzito zilikuwa zimewasukuma wengi kuuza gizani, na mtu anayeuza gizani anarudi mikononi mwa mnunuzi mmoja.

Mfano wa pili unatoka Mirerani, wilayani Simanjiro. Mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipata mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1. Serikali iliyanunua kwa shilingi bilioni 7.74, hadharani, mbele ya waandishi wa habari. Alipoulizwa mipango yake, Laizer alitaja kujenga shule karibu na nyumbani kwake. Ni takwa lilelile la Kino, lakini Laizer alikuwa na leseni, soko, na bei iliyotangazwa mchana kweupe.

Mifano hii haimaanishi kwamba mambo yamekamilika. Bado wapo wachimbaji wenye madeni kwa mabroka, bado zebaki inachomwa karibu na watoto, na bado wapo wanaouza njiani. Inaonyesha tu kwamba maafa ya Kino yana sababu zinazoweza kuondolewa na watu, kwa kuwa ziliwekwa na watu.

## Maswali ya kujipima

Msomaji, mwanafunzi au kikundi cha wachimbaji kinachosoma kitabu hiki pamoja kinaweza kujadili haya:

1. Ni katika hatua gani hasa ambapo Kino angeweza kubadili mwelekeo, na je, ilikuwa mikononi mwake peke yake?
2. Kwa nini Juana anairudisha lulu baada ya kuwa ametaka kuitupa?
3. Wazee waliotuma lulu mji mkuu walikuwa na wazo zuri la kuuza kwa pamoja. Walikosa nini ili wazo lao lifanikiwe?
4. Ni nani katika hadithi angeweza kumwokoa Coyotito bila kupoteza chochote?

Lulu ni kitabu kifupi. Mtu anaweza kukimaliza kwa siku moja. Anayekisoma na kuhitimisha kwamba maskini hafai kupata mali amekubaliana na wanunuzi wa La Paz. Usomaji wa haki unamtaka mwenye duara, mwenye mtumbwi na mwenye shamba aulize maswali matatu kabla ya kupokea fedha: mizani ni ya nani, bei imetangazwa wapi, na mnunuzi mwingine yuko wapi. Mzazi wa Geita anayempeleka mtoto wake shule ili ajue kuyauliza amekwisha kuanza kulitimiza lile ambalo Kino alinyimwa.